Mzigo Mzito Mpe Nani?

Ndugu msomaji, naomba tuanze na swali lenyewe bila kuzungukazunguka. Je, ni haki kwa mtu wa makamo, tuseme wa miaka 45 au 50, mwenye familia na watoto wanaosoma, kujitwisha chuma kizito kwa hiari yake? Nasema chuma kizito hasa. Siongelei kutembea jioni ili ugali ushuke, wala kurusharusha mikono mbele ya redio asubuhi. Naongelea kilo 80, kilo 100, chuma cha kufumba macho na kuuma meno. Na kama jibu lako ni ndiyo, basi niambie: mbona mtu wa umri huo huo akibeba kilo 100 hizo hizo za mahindi mgongoni tunamwonea huruma na kusema kazi ile itamuua?

Swali hili halikunijia kutoka vitabuni. Ninaishi Tunduma, na Tunduma ni mji wa mizigo. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati yetu, reli ya TAZARA inapita pembeni, na Nakonde ya ng'ambo ni kama mtaa wetu mwingine, tofauti ni bendera tu. Tangu mwaka 2019 tuna kituo cha pamoja cha forodha, lakini foleni ya malori upande wa Mpemba bado ni kitu cha kawaida machoni petu. Hapa kila kitu kina uzito, na kila uzito una bei yake. Mtu akikaa kijiweni saa moja tu atasikia habari za tani, magunia, matairi na mabega. Kwa hiyo usinishangae mimi, kijana wa kidato cha nne ninayehangaika na riwaya yangu usiku, kutumia karatasi hizi kuzungumzia vyuma badala ya mapenzi.

Nina watu wawili nataka uwaone. Majina yao hayana haja. Wa kwanza ni jirani yetu, muuza vipuri vya malori, miaka 47. Miaka mitatu iliyopita alipimwa akaambiwa presha inapanda na sukari iko mlangoni inabisha hodi. Akajiunga na kiwanja cha vyuma cha mtaani, huku kwetu tunakiita jimu ingawa hakina hata paa zima: mabomba yaliyomwagiwa zege kwenye makopo ya rangi, flaiwili za Scania zilizokufa, benchi la mbao lililopigiliwa misumari ya nchi sita. Leo anachuchumaa na kilo 100 begani na kusimama nazo. Kitambi kimepungua, mwendo wake umekuwa wa mtu anayejua anakokwenda.

Wa pili ni baba mdogo, miaka 49. Yeye ni mpakiaji wa magunia. Kazi hii aliianza kabla mimi sijazaliwa. Naye anabeba kilo 100, tena bila benchi wala kioo cha kujitazamia. Usiku anaamka mara mbili tatu kujinyoosha, na ukimwamkia asubuhi unasikia "marahaba" inayotoka pamoja na pumzi ya maumivu.

Kilo mia na kilo mia. Mmoja zinamjenga, mwingine zinamla. Hapo ndipo lilipo fumbo langu.

Lakini kabla ya fumbo kuna pingamizi, na pingamizi lenyewe ni la wazee wetu, siwezi kuliruka. Wazee wanasema mtu mzima kuvua shati na kuguna mbele ya vijana ni kujivunjia heshima. Utu uzima, wanasema, ni kukaa. Ni kiti, ni kauli, ni kutuma. Mwili wa mtu mzima haupaswi kuonyeshwa wala kushindanishwa, na kitambi kidogo si ugonjwa bali ni cheti kwamba mtu ametulia. Usicheke. Wazo hili lina mizizi. Baba zetu walikulia katika dunia ambayo anayeinua kitu kizito ni yule asiyekuwa na mtu wa kumtuma. Kwao kupumzisha mgongo ndiyo ilikuwa maana ya kufanikiwa. Sasa leo mtu aliyefanikiwa analipa hela ili apewe mzigo! Kwa macho ya mzee wa Mbozi aliyebeba kahawa yake kilometa na kilometa, huo ni wazimu wa mjini.

Hata huko mbali wamewahi kubishana hivyo hivyo. Wagiriki walikuwa na mwanamieleka wao, Milo wa Croton, karne ya 6 kabla ya Kristo, bingwa wa Olimpiki mara sita. Inasimuliwa kwamba alikuwa akimbeba ndama kila siku, ndama akakua, naye akaendelea kumbeba mpaka akawa fahali. Karne nyingi baadaye Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma, katika kitabu chake kuhusu uzee, akasimulia jinsi Milo alipozeeka alivyowatazama vijana wakifanya mazoezi, akaitazama mikono yake na kulia kwamba imekwisha kufa. Cicero, kwa kinywa cha mzee Cato, anamcheka sana. Anaona ni upuuzi mtu kuweka thamani yake yote kwenye mikono badala ya akili.

Mimi simcheki Milo. Mtu akilia kwa ajili ya mikono iliyomlisha, kosa liko wapi? Kosa lake liko katika hadithi ile nyingine, ya kifo chake: kwamba alikuta gogo lenye kabari porini, akajaribu kulipasua kwa mikono kama enzi zake, gogo likamfunga vidole, akabaki pale mpaka wanyama wakamla. Hapo ndipo nakubaliana na wazee. Mtu wa makamo anayejipima kwa kipimo cha kijana anatafuta gogo la kumfunga vidole.

Na kwa sisi tunaotaka kuandika kuna mfano mwingine, mchungu zaidi. Yukio Mishima, mwandishi wa riwaya wa Japani, alianza vyuma mwaka 1955 akiwa na miaka 30. Kabla ya hapo alikuwa mtu dhaifu wa mwili. Akaandika hata insha ndefu kuhusu jua na chuma, iliyotoka kitabu mwaka 1968. Mwaka 1970, akiwa na miaka 45, akajiua. Sababu zake zilikuwa nyingi, siasa ikiwemo, wala sisemi chuma kilimuua. Nasema tu kwamba ninapofikiria maisha yake naona mtu aliyeujenga mwili kama sanamu, na sanamu haijui kufikisha miaka 60. Jirani yetu muuza vipuri hajengi sanamu. Anataka kumwona mtoto wake wa mwisho akimaliza chuo. Hiyo ni nia tofauti kabisa, na katika mambo ya maadili nia ina uzito wake pia.

Sasa tuje kwenye faida, maana tusije tukafalsafisha kitu tusichokijua. Kuanzia miaka ya thelathini hivi mwili unaanza kupoteza misuli taratibu. Makadirio ya kawaida ni asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka 10, na baada ya miaka 60 kasi inaongezeka. Huoni kitu kwa sababu mafuta yanajaza nafasi. Nguo ni ile ile, aliyemo ndani amepungua. Na misuli si pambo. Ndiyo ghala kubwa la kupokea sukari kutoka kwenye damu baada ya kula, kwa hiyo ghala likisinyaa, sukari inabaki barabarani kama malori yetu. Mifupa nayo ina tabia moja ya ajabu: inaimarika pale inapovutwa na kukandamizwa, na inalegea ikiachwa tu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, halikuishia kusema watu watembee. Lilisema watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku 2 kwa wiki.

Je, mtu aliyechelewa? Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichukua wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa umri wao miaka 90, wakawapa uzito mkubwa wa kuinua kwa miguu kwa wiki 8. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Yaani mtu wa miaka 90 akawa na nguvu za miguu zaidi ya mara mbili na nusu ya alizokuwa nazo miezi miwili nyuma! Tangu nisome habari ile sijawahi tena kukubali mtu wa miaka 45 aniambie kwamba "mimi muda wangu umepita."

Na akina mama wasiachwe nje ya mazungumzo haya. Hedhi ikikoma, mifupa yao hupoteza nguvu haraka kuliko ya wanaume. Utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2018 uliwachukua wanawake wa umri huo ambao mifupa yao ilikwisha kuanza kudhoofika, wakainua uzito mkubwa kweli kweli, nusu saa mara mbili kwa wiki kwa miezi 8, mwalimu akiwasimamia. Mifupa ya mgongo ikaimarika, na karibu hakuna aliyeumia. Ukisoma hapo unaweza kusema basi mama zetu wa Momba na Ileje hawana shida, maana ndoo ya lita 20 kichwani ni kilo 20 na zaidi. Subiri kidogo. Ndoo ile haiongezwi uzito kidogo kidogo kwa mpango, haina siku ya kupumzika, na ikibebwa na mjamzito haiulizi mimba ina miezi mingapi. Hilo nitalirudia.

Upande wa hatari, watu hudhani hatari kubwa ni chuma kukuangukia. Kwa kweli, tafiti za wainua vyuma wanaoshindana zinaonyesha majeraha kati ya 1 na 4 hivi kwa kila saa 1,000 za mazoezi, kiwango ambacho mpira wa miguu unakizidi. Hatari ya mtu wa makamo iko ndani, kimya. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliweka kipimo ndani ya mshipa wa damu wa wanyanyua vyuma, wakawaacha wasukume uzito mkubwa kwa miguu. Presha ya kawaida tunajua ni 120 kwa 80. Ya hawa, wakati wa kusukuma na kubana pumzi, ilipanda kwa wastani hadi kama 320 kwa 250, na mmoja alivuka 480 kwa 350. Walikuwa vijana wazima wa afya, na ilishuka mara tu walipoachia. Sasa fikiria mtu wa miaka 48 ambaye mishipa yake imeshakakamaa na hajawahi kupimwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 hapa Tanzania ulikuta karibu robo ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu. Robo! Wanne tukikaa benchi, mmoja wetu anayo.

Kuna na jambo la kano. Misuli inasikia haraka. Wiki chache tu unajiona simba. Kano zinazoishika misuli kwenye mfupa zinachelewa, na kwa mtu wa makamo zinachelewa zaidi. Hapo ndipo watu wazima wanapoumia bega na goti: nguvu imefika, kamba hazijafika. Diski za mgongo nazo zimeshakauka kiasi. Ngiri iliyokuwa imejificha miaka inachungulia. Yote haya yana dawa moja ya kawaida: anza chini, ongeza kidogo kidogo, pumua unaposukuma, pima presha kwanza, lala. Milo na ndama wake, kwa hakika, alikuwa mwalimu mzuri kwa nusu ya kwanza ya maisha yake.

Watu wengi hapa hunikatiza na kusema: "Bwana, mwili ni wake, akiumia ni shauri yake." Hapana. Sijui kwa wenzetu, lakini kwetu hakuna mwili wa mtu mmoja. Baba akipata kiharusi akiwa na miaka 48, mtoto mkubwa anaacha shule na kwenda kuuza vocha barabarani, mama anafunga genge ili amgeuze kitandani, na shangazi kule Vwawa anauza ng'ombe. Mzigo uliomshinda mmoja unagawanywa kwa ukoo mzima. Kwa hiyo yule anayejitwisha kilo 120 ili tu vijana wampigie makofi anacheza kamari na ada za watoto wake, na mimi namwita mchoyo hata kama kifua chake ni kama ukuta.

Ila hoja hiyo inakata pande zote mbili. Anayekaa tu, akanenepa, akasinyaa misuli, naye akifika miaka 70 atashindwa kunyanyuka kwenye kigoda. Atanyanyuliwa na nani? Na binti yake. Heshima ya kiti waliyoisema wazee inakuja kuwa kazi ya mtu mwingine. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kujiuliza "tubebe au tusibebe" hakutoshi. Uzito utabebwa tu, na wewe au na wenzako. Kinachotakiwa kuulizwa ni masharti ya kuubeba.

Na masharti ndiyo yananirudisha kwa baba mdogo.

Kijiweni washikaji huwa wananitania: "Baba yako mdogo hana haja ya jimu, yeye analipwa kupiga tizi." Utani huu ulinifanya nitafute, nikakuta kumbe wataalamu wamekwisha kulishughulikia jambo lenyewe. Wadenmark waliwafuatilia watu zaidi ya 104,000 wa Copenhagen kwa miaka kama 10, matokeo yakatoka mwaka 2021. Waliojishughulisha sana na mwili wakati wa mapumziko yao walipatwa na ugonjwa wa moyo na vifo kwa uchache. Waliojishughulisha sana na mwili kazini walipatwa kwa wingi zaidi. Mwili ni ule ule, jasho ni lile lile, matokeo yamegeuziana migongo. Wapo wanaobisha kwamba tofauti ni umaskini na sigara, na watafiti wenyewe walijaribu kuviondoa hivyo katika hesabu, tofauti bado ikabaki. Mimi si daktari wa kuamua. Ila ukiwatazama watu wangu wawili, sababu unaziona kwa macho.

Hebu tupige hesabu. Jirani anachuchumaa na kilo 100 mara 5, anapumzika, mara 5, anapumzika, mara 5. Hiyo ni tani moja na nusu. Anafanya mara mbili kwa wiki: tani 3. Katikati ya awamu anakaa dakika tatu akinywa maji na kulaumu Simba au Yanga. Baba mdogo, chukulia siku moja ya kawaida amebeba magunia 60 ya kilo 100. Ni tani 6. Kwa siku sita za wiki, tani 36. Kimondo cha Mbozi, kile tunachokwenda kukiona na wageni pale Ndolezi, kinakadiriwa kuwa na tani 16. Kwa siku tatu baba mdogo anakuwa ameshakipita kwa uzito. Kimondo kile kimewekewa uzio na kibao.

Na hesabu si yote. Jirani akichoka anatua. Neno lenyewe ni hilo, ndugu msomaji: kutua. Akisikia bega linasema neno baya anaacha, anarudi Jumamosi. Akitaka kushuka kutoka kilo 100 hadi 70 hakuna wa kumfukuza. Anachagua namna ya kusimama, mgongo wima, miguu imepanga. Baba mdogo anapokea gunia kama lilivyokaa, juu ya ubao unaoyumba, mvua imenyesha, na nyuma yake kuna wenzake wanamsukuma kwa macho. Moyo wa jirani unapanda dakika moja na kushuka. Wa baba mdogo unapanda asubuhi na kushuka usiku, kama utashuka. Kwa hiyo kilo si kilo tu. Kilo ambayo huna ruhusa ya kuitua ni nzito kuliko ile unayoweza kuitua, na naamini mwili unaijua tofauti hiyo hata kabla akili haijaiona.

Tuna msemo wetu maarufu: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Tunautumia kumsifu mtu mwenye nguvu, na mara nyingine kumkwepa. Lakini Wanyamwezi wa misafara ya karne ya 19 hawakuwa wanyama wa kubebeshwa. Walikuwa mafundi wa kazi yao. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na kitu, walipatana ujira kabla ya safari, na wakidhulumiwa waligoma au walitua mizigo njiani wakaondoka zao. Ni baadaye, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, ndipo kubeba kulipogeuka kuwa shurti. Makumi ya maelfu ya wabeba mizigo walikufa katika vita ile ya Afrika Mashariki, wengi kwa njaa, maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Huku mpakani, upande wa Zambia, waliitwa tengatenga. Vita yenyewe ilikuja kuishia jirani yetu, Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Wajerumani walipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918. Na Kariakoo ya Dar es Salaam, soko ambalo kila mfanyabiashara wa Tunduma analijua, jina lake limetokana na kikosi hicho cha wabeba mizigo. Tunalitamka kila siku bila kuwakumbuka.

Najua mtu wa misafara alitembea wiki na wiki, wakati mpakiaji wetu anatembea hatua thelathini kutoka ghalani hadi kwenye lori. Silinganishi sawa kwa sawa. Lakini inatia fikra kwamba mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 kwa mikono yake, na sisi gunia letu halali ni kilo 100. Hata hapo Wakala wa Vipimo anapambana na lumbesa, ile nundu inayoshonewa juu ya gunia. Vizuri sana. Ila shabaha kubwa ya vita dhidi ya lumbesa ni kumlinda mkulima asipunjwe bei. Sijasikia mkutano wa lumbesa uliotaja bega. Tulikuwa na kauli ya zamani, kazi ni kipimo cha utu. Mimi naipenda, na bado naiuliza: kipimo hicho kinaishia kilo ngapi?

Msimamo wangu basi uko wazi. Mtu wa makamo na abebe chuma kizito, ilimradi amepimwa presha, ameanza chini, na ana adabu ya kutua. Asione haya mbele ya vijana, na wazee watanisamehe. Lakini siwezi kumpigia makofi jirani na kumtazama baba mdogo kama sehemu ya lori. Kama tumekubali kwamba kupumzika, kuongeza kidogo kidogo na kutua ndivyo vinavyoufanya uzito uwe dawa, basi vitu hivyo ni haki ya bega, si anasa ya mwenye duka. Nikaona njia ya kuanzia ni rahisi: magunia yawe ya kilo 50. Saruji inakuja kwa mifuko ya kilo 50 na hakuna nyumba iliyokataa kusimama.

Nilimweleza baba mdogo wazo hili jioni moja akiwa ameegemea ukuta, taulo la moto kiunoni. Nilimwambia na habari za Denmark na zile kilo 55. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa subira.

"Mwanangu," akasema, "umesoma vizuri. Sasa nijibu. Gunia la mia, wangapi hapa Tunduma wanaliweza?"

Nikasema wachache.

"Na la hamsini?"

Sikujibu.

"La hamsini hata mtoto aliyeshuka jana kwenye basi analiweza, tena kwa nusu ya hela. Tajiri akiwaona wale, mimi na miaka yangu 49 ananiweka wapi? Hii mia unayoichukia ndiyo inayonishikia nafasi."

Nikamwambia pengine wakiwa na umoja wao, wapatane ujira kwa tani na idadi ya watu kabla gunia halijapunguzwa, kama wale wa misafara. Akanitazama kwa muda. Akaniuliza wale wa misafara waliotua mizigo na kuondoka, huko walikokwenda walikuwa na mashamba? Nikasema wengi wao walikuwa nayo. Akatikisa kichwa, akalikunja taulo, kisha akaniuliza kama lori la mchele limeshapanga au bado liko Mpemba.